Kichwa cha Kiazi cha Ciakuthii

Ciakuthii binti Mithika wa Kiambi. Kiambi ndiye aliyeteremka kutoka Igembe hadi Mwimbi na kichwa cha kiazi kikuu ndani ya mfuko wa ngozi. Mithika akakipanda, kikamlishia wana tisa mwaka wa njaa. Naye Ciakuthii, alipoolewa mwaka wa 1966, alivuka mto Thuci kuingia Embu na kichwa cha kiazi hichohicho kwenye kiondo, akakipanda chini ya mti nyuma ya nyumba ya mumewe, Njoka.

Jirani yao Mbogo alicheka mpaka akashika ua asianguke. "Mama, hilo ni zao la wanaume! Mwanamke akilipanda atavuna majani."

"Basi majani nitakuletea wewe. Mbuzi wa Njoka wameshiba."

Mwaka wa pili alimpelekea kipande kizito kama mtoto mchanga. Mbogo alikula, akalamba vidole.

Tangu hapo, kila mwaka Ciakuthii alichimba ubavuni, akakata mnofu wa kula, akakiacha kichwa udongoni kichipue tena. Kukingʼoa kabisa, hata siku moja.

Mwaka wa 2018 mjukuu wake Marcella, karani mjini Embu, alikuja na simu kupiga filamu fupi ya ukoo wao. Akaiegemeza kwenye kinu, akaiwasha ikaanza kurekodi.

"Cucu, nataka usimulie kiazi kikiwa mkononi."

"Ngoja kwanza nivae lile rinda la Pasaka."

Alipotoka ndani, alikuta Marcella amekwisha kichimbua kiazi chote, kinangʼaa ndani ya beseni, kimeoshwa. Kichwa hakipo.

"Marcella, kile kigutu cha juu kiko wapi?"

"Kilikuwa kinaharibu picha, Cucu. Nimekitupia mbuzi."

Ciakuthii alipandisha rinda hadi magotini, akatimua mbio. Safari yote ya Kiambi, na miaka hamsini na miwili yake mwenyewe, ilikuwa kinywani mwa mbuzi! Alimkamata pembe, akambana taya. Mzee Mbogo alikuwa amekwisha fika uani na mkongojo wake. "Vuta, Mama! Vuta!"

Kikatoka nusu, kimelowa mate. Ciakuthii akakigeuzageuza. Macho mawili ya kuchipua yamebaki. Hapo alicheka mpaka akaketi kwenye samadi, na rinda lake la Pasaka.

Marcella machozi yalimlengalenga. "Nisamehe, Cucu. Sikujua."

"Ungejuaje, na hii ndiyo mara yako ya kwanza kushika jembe? Lete kisu na majivu."

Alikigawa, kila kipande na jicho lake, akapaka majivu palipokatwa pasioze. Kimoja akakirudisha shimoni. Cha pili akakiweka viganjani mwa Marcella, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Nyuma ya nyumba yako pale mtaa wa Dallas, Embu mjini, kuna mparachichi. Kipande hiki ukipande chini yake kwa mikono yako, si ya kibarua. Kikikomaa, chimba ubavuni, uniletee nionje. Na hiyo filamu, usithubutu kuondoa mbuzi. Anza naye."