Vigoda Vitatu vya Bi Randa

Kwenye karakana ya shule yetu kuna kopo la misumari lisilo na msumari hata mmoja. Ndani mna ripoti tatu za darasa la nne, za miaka mitatu mfululizo, zote za mtoto mmoja. Chini ya kila ripoti kuna neno moja la wino mwekundu: Arudie.

Mtoto huyo ndiye fundi wetu wa useremala. Watoto wanamwita Bi Randa, kwa sababu randa yake haiazimwi na mtu. Ana miaka arobaini na tisa, mabega mapana, maneno machache, na anatumia mkono wa kushoto. Mwalimu wake wa darasa la nne aliamini kwamba mkono wa kushoto ni ukaidi, na ukaidi dawa yake kufungwa. Kila asubuhi aliufunga kwenye mguu wa dawati kwa kamba ya katani. Mtoto akajikokota kwa mkono wa kulia. Mwaka wa kwanza akarudishwa darasa, wa pili akarudishwa, wa tatu baba yake akasema basi, akampeleka kwa mjomba aliyekuwa seremala. Hakukanyaga shule tena mpaka alipoajiriwa kwetu.

Shule yetu haina kengele wala ripoti. Mtoto akitaka kusoma habari za nyota, anasoma. Akitaka kukaa juu ya mti mpaka saa ya kwenda nyumbani, anakaa, na hakuna wa kumwita mvivu. Mambo makubwa huamuliwa Jumatatu kwenye baraza, watu wote sabini na wawili sakafuni, na kura ya mtoto wa miaka sita ina uzito sawa na ya mkuu wa shule. Mimi huandika kumbukumbu. Watoto wenyewe ndio waliotunga kanuni ya saba: anayetaka kufundisha hapa, kwanza ajifunze hapa kitu asichokijua, na aliyemfundisha ndiye atakayesema kama ameiva. Muda ni muhula mmoja. Asiyeiva, kwaheri.

Mwaka juzi akaja mwalimu mstaafu wa hesabu. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi, mfukoni kalamu mbili, moja nyekundu. Mkewe alikuwa ameshafariki. Aliniambia kwamba nyumbani kinachoongea ni saa ya ukutani tu, na kwamba tukimkataa hajui siku zake atazipeleka wapi. Nikamsomea orodha: ushonaji, mikate, gitaa, useremala.

"Niandikie useremala," akasema. "Hiyo ni kazi ya mikono tu, haihitaji kichwa."

Nikampeleka karakana. Bi Randa alikuwa akipiga msasa mlango wa kabati. Aliiona kalamu kabla ya kuuona uso, akasimama. Mzee hakumkumbuka hata kidogo.

"Habari za kazi, mama?" akasema, akingoja shikamoo.

Shikamoo haikuja. "Nzuri. Unatumia mkono gani?"

"Wa kulia, bila shaka."

"Hapa anayeanza anaanza na mkono asiouzoea. Utatengeneza kigoda cha miguu minne, kwa kushoto."

Kanuni hiyo haikuwapo. Aliitunga pale pale, vumbi la mbao likiwa bado viganjani.

Miezi ile mitatu niliiona kupitia dirisha la ofisi yangu. Bi Randa alisogeza kiti chake mbele ya benchi la mzee, akawa anakunywa chai pole pole, akimtazama.

"Huo msumeno unakwenda wapi, mwalimu?"

"Unanikataa."

"Msumeno haumkatai mtu. Huo ni ukaidi."

Watoto nao walijazana mlangoni. Walikuwa wameshampa jina. "Babu Hesabu, unakata ubao au unakata mkate?" Mzee akacheka nao, jasho likimdondoka puani. Kiganja kilitoka malengelenge, yakapasuka, akakifunga kitambaa, akaendelea. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kigoda cha kwanza kilichechemea. Bi Randa alikiweka juu ya meza iliyonyooka, akakibonyeza kwa kidole kimoja, kikagonga ko, ko, ko. Akamwomba mzee kalamu yake nyekundu, akakipindua, akaandika chini ya kiti: Arudie. Cha pili kiliyumba kidogo sana. Arudie. Cha tatu kilipokamilika zilikuwa zimebaki siku tano muhula uishe. Bi Randa alikizunguka mara mbili, akakikalia, akainuka. Akaomba kalamu.

"Bi Randa," nikamwambia, "hicho si kimesimama?"

"Mimi pia nilikuwa nimesimama," akajibu, akaandika.

Jumatatu baraza likakaa. Mwenyekiti alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja tuliyemwita Spika, aliyetuliza watu kwa kugonga kijiko kwenye kikombe cha bati. Siku hiyo alimkabidhi mwenzake kijiko, akasema ana shtaka.

"Bi Randa, mimi nilijifunza kwako, na nilitumia mkono wangu wa kulia. Mbona Babu Hesabu umemfunga?"

"Sikumfunga."

"Umemzuia. Si ni kilekile?"

Mtoto mmoja mdogo alipanda juu ya kigoda cha tatu, kilicholetwa mbele ya baraza, akacheza. "Hakiyumbi! Jamani, hakiyumbi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Randa hakucheka. Alifungua kopo la misumari alilokuja nalo, akatoa ripoti tatu, akazipanga sakafuni.

"Kwa sababu ya hizi. Mwandiko ni wa mwalimu huyu. Zisome."

Mzee alishtuka, akamtazama Bi Randa, kisha akautazama mkono wa kushoto wa fundi. Spika akasoma kwa sauti. "Hesabu, themanini na moja. Lugha, sabini na nne. Arudie." Akakunja uso. "Babu, themanini na moja ni kufeli?"

Mzee akainua mkono kuomba nafasi. Aliinua wa kushoto, nadhani ulishazoea.

"Si kufeli."

"Sasa mbona alirudia?"

"Alikuwa anajua yote. Lakini kila nilipomfungua, alirudi kwenye kushoto. Nikaapa hapandi darasa mpaka mkono ule usahau."

Spika akamgeukia fundi. "Ulisahau?"

Bi Randa akauinua, vidole vikiwa na gundi iliyokauka.

"Nisamehe, binti yangu," mzee akasema.

"Binti yako ni nani?" Bi Randa akasema, kisha akanigeukia mimi. "Andika. Kigoda cha tatu hakiyumbi. Mwanafunzi ameiva. Hilo ni la useremala. Hayo mengine hayapigiwi kura."

Baraza lilimwadhibu Bi Randa kufagia ukumbi wiki mbili kwa kutunga kanuni peke yake. Akafagia. Kisha ikapigwa kura ya kumpa mzee kazi. Nimeandika: sabini na mmoja wamekubali, mmoja amekataa. Mkono uliokataa ulikuwa wa kushoto, na ulikaa juu mpaka nilipomaliza kuandika.

Sasa Babu Hesabu anafundisha hesabu kwa wanaotaka, na wanaotaka ni wengi. Vigoda viwili vya mwisho vinakaliwa darasani kwake. Cha kwanza Bi Randa alikipigilia ukutani nje ya karakana, chini kukiwa nje, maandishi mekundu yakitazama njia anayopita mzee kila asubuhi. Muhula uliopita mzee aliomba akishushe akisawazishe mguu, itamchukua dakika kumi tu.

"Kiache," Bi Randa akamwambia, bila kubandua macho kwenye randa. "Hicho bado kinarudia darasa."