Ndege Iliyolipiwa kwa Mikungu

Gatwiri wa Mitunguu huuza ndizi, na sauti yake husimamisha lori bila yeye kuinua mkono. Ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima. Mwaka jana alisimama kikaoni akataka kila nyumba itoe mikungu miwili ya ndizi, iuzwe, tulipe ada ya mwaka ya ndege ya wagonjwa.

Muthamia, bingwa wetu wa kupinga kila kitu, alicheka hadi kofia ikaanguka. "Mwenyekiti, mimi hata pikipiki hunitapisha!"

"Usijali, hii utapanda ukiwa umelala."

Gatwiri akaeleza kwamba mafuta na rubani hulipiwa na ada za watu wenye afya, ambao wengi wao hawatawahi kuipanda. Muthamia akasema huko ni kugharamia ajali za majirani, akakataa. Mkewe, Gladwell, alikata mikungu yao akaipeleka kimyakimya.

Mwezi wa tatu, Muthamia aliangusha mti wa mukima, nao ukamwangusha yeye. Daktari wa kliniki akasema damu inavujia ndani ya kichwa, na lazima apasuliwe Nairobi siku hiyohiyo. Kwa barabara hangefika akiwa hai.

"Mwenyekiti, nilimlipia," Gladwell alilia. "Lakini asijue!"

"Wacha aamke kwanza, mama, ndipo akukasirikie," Gatwiri akamwambia, simu ikiwa tayari sikioni.

Helikopta ilipotokea juu ya uwanja wa shule, tulifanya upuzi wetu. Kwetu helikopta hubeba wanasiasa tu. Soko zima likamiminika uwanjani: mzee mmoja na kiti chake, akina mama na wimbo wa kumsifu mheshimiwa ambaye hata hakuwa anakuja. Rubani akazunguka mara moja, akazunguka tena. Pa kutua hapakuwapo. Kwenye machela, Muthamia alikuwa anakoroma vibaya.

"Tokeni! Ni ya mgonjwa!" Gatwiri alipaza sauti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusikika.

Basi akakimbilia shamba linalopakana na uwanja, akageuza mabomba ya kunyunyizia ndizi yakaelekea kwa umati, akafungua koki hadi mwisho. Maji ya mtoni, baridi ya mlima bado imo ndani. Watu waliojipamba kumpokea mheshimiwa walitimka kwa mbio ambazo vitoa machozi havijawahi kuzipata. Mzee wa kiti alitangulia, kiti chenyewe kichwani. Vumbi likalala, ndege ikatua, na baada ya dakika kumi Muthamia alikuwa juu ya mawingu, bila kutapika.

Siku ya tatu, Gladwell alipiga simu kutoka Nairobi. Gatwiri akaiweka kwenye spika, soko lote lisikie.

"Amefungua macho! Ameomba chai, na sasa analalamika eti haina maziwa ya kutosha."

"Basi amepona kabisa!" Gatwiri akapanda juu ya meza ya ndizi. Akina mama wakapiga vigelegele kama vya kumpokea mtoto mchanga, na wanunuzi waliotoka Nkubu wakaacha kubishana bei, wakaanza kuuliza fomu za ndege zinapatikana wapi.