Shingo ya Kiungo wa Kati

Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, Phyllis Kagwiria alikataa chai katika uwanja wa shule moja nje kidogo ya mji wa Meru, akaenda kusimama peke yake nyuma ya goli. Shule ya bweni ya wasichana ilikuwa imemtuma kuchagua mchezaji mmoja wa mpira wa magongo: kiungo wa kati, wa gredi ya tisa, ambaye ingemsomesha bure kuanzia Januari.

Kagwiria ana miaka sitini na sita, na kazi hii ameifanya tangu alipostaafu ualimu wa michezo mjini Embu. Hali wala hanywi kwa mtu yeyote mwenye mtoto uwanjani. Huku, aliyekula kwako hakunyimi kitu. Mama wa mchezaji akimletea ndizi kutoka Mitunguu, hushukuru na kuzirudisha, na wengi wameona hiyo ni dharau.

"Huyo hata maji ya Meru hanywi," mwanamke mmoja alisema kando ya uwanja, akihakikisha anasikika.

"Anaogopa kurogwa."

"Arogwe na nani? Hana hata kuku wa kurithiwa!"

Walicheka. Kagwiria hakugeuka.

Hakuolewa. Nyumba yake iko mtaa wa Majimbo, Embu, na sauti inayosikika humo ni ya redio. Wasichana aliowachagua humpigia simu muhula wa kwanza, kisha huacha. Nyumba pekee iliyobaki ya kumwekea sahani ni ya Lorna, binti wa marehemu dada yake, mwenye duka la vitambaa Makutano, mjini Meru. Ijumaa jioni alikula huko mukimo wa viazi na mahindi, akaulizwa habari za Embu, akalala huko, na hakuna aliyetaja magongo. Lakini Lorna ana binti, Kiende, na siku iliyofuata Kiende alikuwa uwanjani, kiungo wa kati wa timu nyeupe. Kagwiria alijua hivyo alipokuwa akila. Alijiambia kwamba kwa Lorna ni nyumbani.

Kiungo wa timu ya buluu alikuwa Beverlyne, msichana mfupi kutoka Mitunguu.

Wachaguzi wengi husimama kwenye mstari wa katikati, ambako mbwembwe huonekana vizuri. Kagwiria husimama nyuma ya goli ili aone nyuso. Mikono hufundishwa, husema. Kiungo hujulikana kwa shingo, kwa kile anachokitazama kabla mpira haujamfikia.

Kiende aliwapita watatu, akafunga.

"Shosho, umeona?" alimpigia nyanya yake kelele akirudi mbio.

Beverlyne hakuwa na mikono hiyo. Mara mbili mpira uligonga gongo lake ukamtoroka. Lakini kabla ya kila pasi aligeuza kichwa kushoto, kisha kulia, na mpira ulipomfika alikuwa ameshajua nani yuko wazi. Kufikia mapumziko, wenzake walikuwa wakimpa mpira bila yeye kuuomba.

Mwalimu Gitari, aliyeandaa mchujo huo, alimfuata Kagwiria pale golini.

"Mwalimu, yule mrefu si ni wa kwenu? Amefunga bao. Hakuna atakayelalamika."

"Ni mzuri."

"Basi tumalize, jua ni kali."

"Ngoja kwanza."

Kipindi cha pili alihamia goli la pili, ili uso wa Kiende umwelekee. Alimtazama yeye peke yake, kwa muda mrefu kuliko anavyomtazama mchezaji yeyote, akingoja shingo igeuke hata mara moja. Haikugeuka.

Wasichana walipopangwa mstari, alitaja jina moja, bila kutoa sababu, kama kawaida yake. Mama yake Beverlyne alipiga vigelegele. Lorna alimngoja Kagwiria langoni.

"Tata," alimwita kwa neno la kwao la dada ya mama, "jana umekula kwangu."

"Nilikula kwa mtoto wa dada yangu."

"Na Kiende ni mtoto wa nani?"

Kiende alikuwa amesimama kando, gongo mkononi.

"Shosho, ni nini sikufanya?"

"Unautazama mpira peke yake. Tazama watu kwanza, kabla haujafika. Ukiingia uwanjani tena—"

"Kiende, twende," Lorna alisema. Kisha akamgeukia Kagwiria. "Mkoba wako nimeupeleka dukani. Utaukuta hapo kwa kaunta."

Kagwiria aliuchukua akarudi Embu jioni hiyo hiyo. Amempigia Lorna simu mara kadhaa. Inalia hadi inakatika.

Beverlyne ataripoti shuleni Januari. Mchujo wa mwakani utafanyika Meru tena, na Kagwiria atakodi chumba cha kulala.