Goti Nililompa Shangazi

Katika choo chetu cha nyuma ya nyumba kuna kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye boriti. Niliifunga mwenyewe, mwaka ule goti langu la kulia lilipokataa kukunjwa. Nachuchumaa kwa taabu, uzito wote juu ya mguu wa kushoto, na nikimaliza nashika kamba kwa mikono miwili na kujivuta juu kama ndoo ya kisima. Siku kamba isipotosha, namwita mke wangu. Mwanamke huyu alinikubali nikiwa fundi cherehani mwenye suruali iliyonyooka, hakuna aliyemwambia kwamba siku moja angesimama nje ya mlango wa choo akiuliza, "Papa, umemaliza, ao uko unafikiri?"

Mimi si mtu wa kutembea. Wenzangu wa shule walikwenda Kindu, wengine Bukavu, wengine kwenye machimbo. Mimi nilitundika diploma yangu ya sekondari ukutani, nikakaa chini yake na cherehani, na hapo nipo mpaka leo. Mji wetu wa Kasongo naujua kwa suruali zake. Lakini kwenda choo peke yangu na kurudi peke yangu, hilo nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Ndipo ikaja habari kwamba daktari mgeni angepita kwetu kwa siku mbili, na mashini ya kuzungusha damu. Anakutoa damu mkononi, mashini inaitenganisha, na ile sehemu inayousaidia mwili kujitengeneza anairudisha kwa sindano ndani ya goti. Muuguzi aliyeandika jina langu hakuniahidi kitu. "Kuna wenye inawasaidia, kuna wenye hapana," alisema, akanipa karatasi ya matayarisho. Niliisoma nyumbani kwa sauti ya mwalimu: wiki mbili usimeze vidonge vya kupunguza uvimbe, maana vinaizuia damu kufanya kazi yake; unywe maji mengi, siku yenyewe ule asubuhi, goti lisiguswe na dawa nyingine yoyote, usiwe na homa wala kidonda chenye usaha, popote mwilini.

"Hiyo ya vidonge utaweza?" mke wangu aliuliza.

"Mimi? Mutu mwenye diploma?"

Alichukua kikopo changu cha vidonge akakificha. Ananijua.

Siku ya nne nilikuwa nimekwisha kukitafuta ndani ya gunia la mchele na ndani ya viatu vya watoto. Siku ya sita nilimwomba kwa adabu. Siku ya nane adabu ilikuwa imekwisha. Maumivu yalipanda kutoka gotini mpaka kwenye meno. Nilikuwa nashona mkono wa shati, machozi yakadondoka juu ya kitambaa. Mwenye shati akadhani nimefiwa, akanipa pole na kuniuliza matanga yako wapi.

Siku ya tisa akafika shangazi yangu kutoka Lusangi, nyuma ya pikipiki, matope mpaka kiunoni. Ni dada mkubwa wa baba yangu. Baba alipokufa ni yeye aliyenilea na kunipeleka shule. Alikuwa na wembe mpya, na unga mweusi wa dawa umefungwa ndani ya jani.

"Mutoto ya ndugu yangu anakufa na goti, miye niko nalala tu?"

Dawa yake haimezwi. Anakuchanja michanjo midogo kuzunguka goti, kisha anasugua unga ndani ya damu. Nilimtazama yeye na yale matope yake. Ningemwambia nini? Kwamba karatasi ya mgeni imekataa? Angelia, kisha Lusangi yote ingesikia kwamba najiona mkubwa. Lakini kama angeligusa goti lile la kulia, daktari angenirudisha. Hapo akili yangu ya sekondari ikafanya hesabu: magoti ninayo mawili.

Nikakunja suruali ya mguu wa kushoto.

Mke wangu, aliyekuwa anapepeta mchele, alisimamisha ungo. Nikamkonyeza anyamaze. Shangazi alilibonyeza lile goti zima huku na huku.

"Ni hili?"

"Ni hilo, shangazi."

Alinitazama kidogo, akachukua wembe.

Alipokwenda kunawa mikono, mke wangu akaninong'oneza: "Papa, kweli weye ni fundi. Umepima mguu moja, umekata ingine."

Nilicheka sana. Kicheko hicho nilikilipa polepole. Siku ya pili baada ya wembe michanjo ilikuwa myekundu, siku ya tatu goti la kushoto likawaka, na asubuhi ya sindano niliamka natetemeka. Nilikula, nilinywa maji, nikajimwagia ndoo nzima ya maji baridi ili paji la uso lisinisemee. Nikapanda pikipiki nikiwa nimekaza meno.

Kipimo cha homa hakidanganywi na ndoo. Daktari alikisoma, akasema nivue suruali.

"Hili la kushoto ni la nini?"

"Hilo ni zima, daktari."

"Zima?" Aliligusa kwa kidole kimoja, nikapiga kelele. Akaniambia kwa upole kwamba mwenye homa na usaha hachomwi sindano ndani ya kiungo, anaweza kupoteza mguu. Nitibu kwanza kidonda. Nikamshika mkono. Mimi, mtu wa kujivuna, nilimwambia achome tu, mguu ukioza ni wangu. Akaondoa mkono wangu taratibu. Kesho yake alikuwa anaondoka. Nilimuuliza atarudi lini. Akasema hajui, barabara ndiyo inayoamua.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja chooni. Kuchuchumaa niliweza. Kuinuka ndiko sikuweza: mguu niliokuwa nauegemea ndio huo sasa umechanjwa. Nilivuta kamba mpaka viganja vikachubuka, kisha nikaita. Walikuja wawili, mke wangu na shangazi, aliyekuwa bado hajarudi Lusangi. Nikiwa pale chini, kabla hawajafungua mlango, nilisema yote.

"Shangazi, unisamehe. Nilikupa goti zima."

Nikasikia sauti yake: "Niliona halikuvimba. Nikasema, huyu amesoma, anajua goti yake."

Wakaingia, kila mmoja kwapa lake, wakanivuta. Shangazi alikuwa analia. Waliniketisha mkekani, mke wangu akaingia ndani, akarudi na kikopo cha vidonge na kikombe cha maji, akaviweka mbele yangu bila kunitania hata neno moja. Nilingoja. Sijawahi kumwogopa namna ile.

Ndipo nikamwomba anitafutie kamba ya pili ya kufunga chooni.