Maji Safi Niliyotia Katika Rejeta

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa pumzi tusizoziomba, na akauacha mlango wa toba wazi hata kwa mzee mwenye ndevu nyeupe kama mimi. Namshukuru kwa uzima, na kwa mke ambaye bado yumo nyumbani mwangu. Nimesema "bado" kwa makusudi.

Ndugu msomaji, nimekosa. Nilimzuia mke wangu asimkoshe mama yake mzazi josho la mwisho, siku aliyokufa. Sikumzuia kwa fimbo wala kwa ukali. Nilimzuia kwa rejeta ya gari bovu, na kwa neno "subiri", neno nililowafundisha watoto wa watu miaka mingi.

Jina langu sitalitaja. Wa mtaani kwangu watanijua, na haki yao.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Mji Mkongwe. Chuo chetu kilipewa basi la zamani na mtu aliyekuwa akihama nchi. Tuling'oa viti vyake, tukapanga mabenchi ya mbao ubavuni na mikeka katikati, tukatundika pazia: mbele wanaume, nyuma wanawake. Seremala akatutolea mlango mpana nyuma, wa kupitishia jeneza. Likawa gari letu la maulidi na mazishi ya shamba, nje ya mji. Dereva nilikuwa mimi, kwa kuwa ujanani niliendesha lori la nazi. Watu walilipenda gari lile. Mimi nililipenda kuliko inavyofaa kupenda chuma.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kuchemsha. Hata kufika Mwanakwerekwe ilikuwa lazima tusimame, tufungue boneti, tungoje mvuke utoke ndipo tutie maji.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja upande wa Amani, mtu wa mzaha na maneno mengi. Akatazama, akasema rejeta imetoboka, lazima aing'oe ailehemu, lakini mbele yangu yapo magari mengine na risasi ya kulehemu haipatikani ovyo siku hizi. Nisubiri. Kwa sasa, akasema, kila asubuhi nitie maji safi, na akalikariri neno hilo, safi, safi.

Nikaona ni uvivu wake tu. Nikarudi nalo mjini nikiazimia kulitengeneza mwenyewe. Mwalimu wa subira, hata zamu ya fundi ilinishinda kungoja!

Na hayo maji safi, sikilizeni nilivyoyaelewa.

Uani tulipolaza gari palikuwa na pipa la maji ya mvua chini ya mchirizi. Siku moja nikamkuta mbwa koko ametumbukiza mdomo ndani yake. Nikayamwaga yote, nikalisafisha pipa kama sheria inavyotutaka, na kwa udongo pia, kisha nikalijaza maji ya kisima cha msikiti. Maji yale hayana shaka, kila siku tunatilia udhu. Ila kisima kile kipo karibu na pwani, na kila mtu wa mtaa anajua ladha yake.

"Mwalimu, maji haya hata chai hayakubali," mke wangu aliniambia. Jina lake Mwanaidi, mtu wa Makunduchi.

"Chai ni mambo mengine. Haya ni tohara."

"Kwani gari linasali?"

Nikacheka, nikaendelea kumimina. Nilimimina hivyo miezi, asubuhi kwa asubuhi, nikipiga bismillahi.

Kazi yenyewe ilinitoa roho. Mpira wa juu ulipasuka, na madukani hakuna. Nikaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kibano chake kimeliwa na kutu, nikakaza kwa waya, na waya ukaukata mpira. Nikashona, nikafunga upya. Nilipoziba juu, chini kukaanza kudondoka. Nati moja ya pampu ya maji ilikuwa mahali ambapo mkono hauingii ila kwa kuchunika, na ukishaingia huoni kitu. Nililala chali chini ya gari lile mpaka kanzu zangu zote za kazi zikawa na ramani ya mafuta mgongoni.

Mtu akaniambia tundu la rejeta huzibwa kwa sabuni. Nikaziba. Injini ilipopata moto, sabuni ikayeyuka na povu likamwagika mbele mpaka chini. Watoto wa chuo wakasema basi la Mwalimu linapiga mswaki. Niliwakemea, lakini kwa hakika nilitaka kulia.

Kila jioni nilikuwa nimebakisha kitu kimoja. Kitu kimoja tu! Na kila asubuhi kile kimoja kilikuwa kimezaa.

Katikati ya hayo, shemeji yangu Haji akaja kutoka Makunduchi. Mama yao hawezi kitandani, anamwita Mwanaidi. Na ameacha wasia mbele ya wazee: siku yake ikifika, asimkoshe mtu mwingine ila binti yake. Haji aliyasema haya, akanywa maji, akaondoka kurudi kwa mgonjwa. Alitaka kumchukua dada yake papo hapo. Mimi nikasema nitamleta mwenyewe.

Mke wangu akafunga nguo zake. Kesho yake akanifuata uani.

"Mwalimu, nnakwenda na gari ya abiria ya shamba."

"Subiri kesho. Nshamaliza, limebaki jambo moja."

Akarudi ndani. Kesho ikafika, jambo moja likawa pale pale. Nikamwambia tena asubiri. Nikamkumbusha na malipo ya wanaosubiri. Ee Mola nisamehe! Nilimsomea dini ili nipate muda wa kukaza nati.

Kwa nini sikumwacha aende? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu halinipendezi. Nilitaka nifike kwa wakwe zangu na gari langu nililolitengeneza kwa mkono wangu, nishushe binti yao mlangoni, waseme mume wake si wa kitabu tu.

Hatimaye likakubali kuwaka bila kudondosha. Tukatoka asubuhi, mimi usukani, yeye nyuma ya pazia na furushi lake. Nilijaza rejeta, na madebe mawili nikayaweka akiba, yote ya kisima cha msikiti.

Tulipofika Tunguu mvuke ukatoka. Nikafungua kifuniko kabla hakijapoa, kwa haraka ya mtu mwenye aibu, maji ya moto yakanirukia mkono wa kulia. Nikaufunga kwa kilemba nikakaa pembeni kungoja.

Ndipo gari ya shamba ikapita ikielekea Makunduchi. Dereva, ambaye alitufahamu, akasimama. Akatuuliza hali, akamtazama mke wangu, akatazama moshi wangu.

"Mwalimu, nipe Bi Mwanaidi nimfikishe kwa mama yake. Wewe tufuate na birika lako."

Watu garini wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini kicheko kile kiliniingia kuliko maji ya moto. Mwanaidi alikuwa ameshachukua furushi, mguu mmoja upo juu ya ngazi ya gari ile, na mwanamke mmoja ameshamnyooshea mkono.

Nikasema, "Kaa. Letu limeshapoa. Tutafika nao pamoja."

Akanitazama. Namwona mpaka leo alivyonitazama. Kisha akautoa mguu wake, akarudi nyuma ya pazia, akakaa. Dereva akatikisa kichwa, akaenda zake.

Halikuwa limepoa. Lilipowaka lilikwenda kwa kusitasita, nikasimama tena Bungi, nikamaliza madebe yote. Tulipoupita msitu wa Jozani injini ikagonga kwa ndani, kama mtu apigaye kinu kitupu, ikanyamaza. Nilipiga stata mpaka betri ikafa. Mwanaidi akashuka na furushi lake.

Tulikwenda kwa miguu mpaka Kitogani, tukakaa kungoja, tukapata lori la mchanga. Tukafika Makunduchi alasiri imeshapita.

Tuliwakuta wanaume wanarudi, udongo mikononi. Haji alitangulia. Alituamkia kwa adabu, kwanza mimi, kisha dada yake mkubwa. Akasema mama yao amefariki alfajiri. Wamengoja mpaka adhuhuri, kwa sababu dereva wa gari ya shamba aliwaambia tupo njiani, halafu wazee wakaona haifai tena kumchelewesha maiti. Amekoshwa na mama mdogo.

Mwanaidi hakupiga ukelele. Aliuliza kitu kimoja.

"Gari ile ilipofika, mlikuwa mmefikia wapi?"

Haji akatazama chini. Nilijua anataka kunisitiri, na mimi, Mungu shahidi wangu, nilitamani aseme uongo.

"Ndiyo kwanza maji yanachotwa, dada."

Akaingia ndani. Mimi nilikaa barazani na wanaume, na kiambaza kilikuwa chembamba. Nilimsikia anamuuliza mama yake mdogo. Maji yalikuwa vuguvugu? Karafuumaiti ilitosha? Nywele mlimsuka? Bibi yule akawa anamjibu moja moja, taratibu, na yeye akawa anaitikia naam, naam. Alipofika kwenye nywele sauti ikamkatika.

Gari lilivutwa mpaka kwa yule fundi wa Amani. Akaikata rejeta, akaniita nitazame. Mirija yake ilikuwa imejaa ukoko mweupe na kutu nyekundu, hata sindano isingepita. Akaniuliza niliitia maji gani.

"Safi. Ya kisima cha msikiti."

"Lahaula! Yale si ya chumvi, Shehe?"

"Hukuniambia baridi. Uliniambia safi."

Sisi watu wa mjini maji yasiyo na chumvi tunayaita maji ya baridi, na kwa kweli fundi hakulitaja neno hilo. Nilikuwa nina hoja. Nikaishikilia hoja yangu pale gereji, mkono una bendeji, mama mkwe yupo kaburini, nabishana juu ya neno. Fundi akarudi kwenye kazi yake. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, na nikaona haya ambayo sijawahi kuiona mbele ya mwanadamu.

Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu yote: chumvi, mirija, ukoko, jinsi nilivyodhani na jinsi ilivyokuwa. Nilieleza kwa urefu, kama ninayesomesha. Alikuwa anachambua mchele. Aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Mwalimu, maji umekosea, na kila mtu hukosea. Kwa hayo nshakusamehe zamani," akasema. "Mimi nimejikasirikia nafsi yangu. Mguu wangu ulikuwa juu ya ngazi. Ukaniambia kaa, nikakaa."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi amenipa, akaendelea na mchele wake. Lakini kilichobadilika kimebadilika. Tangu siku ile, ukitokea msiba wa mwanamke hapa mtaani, Mwanaidi ndiye wa kwanza kwenda kumkosha, na amekuwa mjuzi, wanamwita hadi mitaa ya Ng'ambo. Zamani asingevuka kizingiti bila kuniaga. Sasa huchukua buibui lake akatoka, na mimi huhama njia nimpishe. Siku ya kwanza kufanya hivyo alisimama kidogo mlangoni, anitazame kama nitasema neno. Sikusema. Hilo ndilo jambo jema pekee nililolifanya katika habari hii yote.

Nyinyi mnaosomesha watu, mnaosikilizwa mkisema, nakuonyeni. Elimu uliyopewa ya jambo moja usiitie katika kila chombo. Na mtu akiwa na haja yake ya haraka, usimwambie asubiri kwa ajili ya fahari yako, kisha ukaiita subira. Ile haikuwa subira. Subira hubebwa na mwenye dhiki, na dhiki siku ile ilikuwa yake, mimi nilikuwa na gari bovu tu.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuwezeshe kufika kwa wazazi wako ungali na la kuwafanyia, akulainishie njia na moyo, na waliotangulia katika watu wako awatie katika rehema Yake. Amin.