Betrave za Mama Mukwe

Shuleni nilifika mwaka wa pili tu, lakini kwa kupika hakuna mutu wa kunifundisha. Nilipikia Walibani, watu wa Lebanoni wenye duka karibu na bandari, tangu Kalemie ikiitwa bado Albertville. Uhuru ulipofika walipanda boti ya Kigoma, wakaniachia gunia la dengu. Kwa dengu hizo walizoea kutengeneza homosi: unazipika mpaka zilainike, unazitwanga ziwe kama uji mzito, unatia ufuta uliosagwa, ndimu na kitunguu saumu. Wakija wageni, Madame alitaka nitie na betrave, ile mizizi myekundu ya bustani, ili sahani ipendeze.

Basi mwaka uliofuata mama mukwe wangu aliletwa kutoka Mpala, amekauka kabisa. Malaria ilikuwa imemaliza damu yake. Anfirmie, muuguzi wa hospitali, akasema asipokula hataona mvua ijayo, apewe betrave zirudishe damu. Shemeji akaleta kapu zima kutoka Kirungu. Tukazichemsha. Mama akaonja, akatema.

"Inanuka udongo. Udongo nitakula siku mukinizika."

Siku ya nne alikuwa bado hajala kitu. Nikasema nitapika mimi mwenyewe, homosi ya betrave, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Kwetu mukwe na mama mukwe hawaonani uso wala hawasemeshani. Yeye alikuwa chumbani, mimi jikoni, katikati pazia, na bibi yangu, binti yake, kizingitini akipeleka maneno ambayo kila mutu ameshayasikia.

"Mwambie bwana yako, mwanaume hatwangi."

"Mama anasema mwanaume hatwangi."

"Nimesikia. Mwambie mama, Walibani walikula chakula changu miaka saba na hawakufa."

"Hawakufa, walikimbia," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Bibi yangu akacheka. Nikamwangalia, akaacha.

Nilimenya dengu moja moja mpaka vidole vikakunjamana. Ufuta wa Walibani haukupatikana tena, nikatia karanga. Nilipotwanga betrave zikaruka: shati, ukuta, vyote vyekundu kama nimechinja mbuzi. Na kule chumbani maneno hayakatiki. Muchi unapiga pembeni. Kinu kinalia kavu. Mwambie atie maji. Mutu asiye na nguvu ya kushika kikombe alikuwa na nguvu ya kunisahihisha mimi, mupishi.

"Karanga hazikukaangwa," akasema. "Ninasikia harufu."

Ilikuwa kweli. Kwa hasira nilikuwa nimesahau. Lakini nikubali, mimi?

"Mwambie mama, njo vile Walibani wanapikaka."

"Mwambie anadanganya."

Kisha nikasikia kitanda kinalia. Bibi yangu akasimama mbio.

"Papa," akaniambia mimi bwana yake, "geuka. Anakuja."

Nikageukia ukuta. Nilisikia miguu ikiburuta, pumzi fupi, kigoda kikisogezwa. Akakaanga karanga zingine, harufu ikajaa jikoni. Halafu muchi: mara tano, anapumzika, mara tano tena. Nilitaka kumwambia ataanguka, lakini nitamwambia namna gani mutu nisiyesemeshana naye? Kinu kikanyamaza.

"Anafanya nini?" nikauliza.

"Anaonja."

"Mwambie ndimu sijatia bado."

"Ameshatia. Usigeuke, Papa. Anaonja tena."

Nikasikia kijiko kinakwaruza ndani ya kinu. Kuonja gani kwa namna ile? Miguu ilianza kuniuma, nzi amekaa kwenye shingo yangu. Nyumba yangu, kinu changu, dengu zangu, na mimi nimepewa ukuta kama mutoto aliyeshindwa hesabu.

"Bado?" nikauliza.

"Bado. Sasa anasema nimusongee ugali."

"Ugali utachukua muda."

"Ndiyo, Papa."

Nikaegemeza paji la uso ukutani, nikangoja maji yachemke.