Jina la Yule Mfaransa

Humu ndani sitamtaja mtu yeyote kwa jina, hata hao Wazungu wa zamani waliotunga nyimbo, ingawa habari nzima inahusu majina yao. Sababu itaonekana mbele. Asiyeridhika akamuulize mwalimu wetu wa kwaya. Yeye anayajua yote na atayataja bila kuombwa, hata msibani.

Mwalimu huyo aliletwa Kasulu na serikali kufundisha hesabu sekondari. Kwenye kwaya ya parokia alijileta mwenyewe. Alifika Jumapili moja, akakaa benchi la nyuma, akasikiliza, na baada ya misa akatufuata nje akiwa na uso wa mtu aliyetoka kushuhudia ajali. Akauliza wimbo tulioimba wakati wa komunyo ni wa nani. Tukamwambia ni wetu, tunauimba kila mwaka. Akasema hapana, anataka kujua umetungwa na nani. Mzee mmoja wa besi akamweleza kwa upole kwamba ulikuja na padri wa zamani, kwenye sanduku.

"Na mtunzi naye alikuwemo humo sandukuni?" mwalimu akauliza.

Hapo tukajua tumepata kiongozi.

Sisi nyimbo zile tulizitambua kwa sura. Kulikuwa na ile ndefu, ile ya kupanda ngazi, ile ya kumaliza pumzi, na ile iliyomwagikiwa chai. Ni kweli kwamba juu kwenye pembe ya kila karatasi ya nota kulikuwa na jina la mtu. Tulidhani ndiye aliyepiga chapa. Tulimwonea huruma kwa kazi nyingi aliyokuwa nayo.

Baadaye kikatangazwa kitu kilichompandisha mwalimu wazimu wake wote. Kutakuwa na mashindano ya kwaya Kibondo, na zawadi ni kinanda kipya. Kinanda chetu kilikuwa kimekufa vitufe vya katikati, mahali ambapo nyimbo nyingi hupenda kupita, kwa hiyo hamu ilikuwepo. Lakini mashindano yenyewe yalikuwa na sehemu mbili: kwanza kuimba, halafu maswali kuhusu watunzi maarufu, ambapo mwamuzi atamnyooshea kidole mwimbaji yeyote anayemtaka. Mwalimu alitusomea sehemu hiyo ya pili mara mbili. Papo hapo akatunga sheria kwamba yeye mwenyewe atatupa mtihani, na asiyefaulu hapandi gari la Kibondo.

Mimi nilikuwa na sababu ya kupanda gari hilo. Kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na kwaya nilikuwa nimepewa kipande cha kuimba peke yangu. Wengine wakipewa husema waliombwa mpaka wakachoka kukataa. Mimi nilikitaka kipande kile, nilikitaka sana, na ningemfinya mtu kwa ajili yake.

Basi tukaanza kusoma Wazungu. Mwalimu alitoa kopi za picha zao kwenye duka moja karibu na stendi, lenye mashine ambayo hutoa kila kitu kikiwa usiku. Tukaletewa nyuso nyeusi tii zenye nywele nyeupe za kuazima, midomo imebanwa kama ya mtu aliyeonja mwarobaini. Mama mmoja akasema wanafanana, lazima ni ukoo mmoja. Mwalimu akasema tofauti zao zinaonekana wazi. Huyu ndiye kiziwi. Huyu ni yule aliyeanza kupiga muziki akiwa mtoto akafa bado kijana. Huyu ni Mfaransa mwenye jina fupi, mtu akilitamka ni kama anaguna. Na huyu, baba wa wote, ni Mjerumani aliyepiga kinanda kanisani na kuzaa watoto ishirini. Tulimtazama huyo wa mwisho kwa heshima. Huyo hata vijijini Buhigwe wangemwelewa.

Kipande changu kilikuwa cha huyohuyo mwenye watoto ishirini, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Jina lake ni fupi, na mwishoni lina herufi mbili ambazo Mswahili yeyote mwenye akili timamu atazisoma kama zinavyosomwa kwenye neno "chai". Hivyo ndivyo tulivyolisoma, na tungeendelea hivyo tungeishi kwa amani. Lakini mwalimu hakuweza kuvumilia. Akapiga meza, akasema hilo ni jina la Kijerumani, mwisho wake unasomeka kama kwenye neno "kaka". Akalitamka. Wenzangu wakalirudia kwa pamoja. Mimi nikafunga mdomo.

Sisi Waha mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Si jina tu, hata neno linalofanana nalo hulizunguka akatafuta jingine. Siku ya harusi yangu shangazi mmoja wa mume wangu alinivuta pembeni akaninong'oneza jina la mzee, ili nijue ninachopaswa kutokisema, na tangu hapo sijalisema. Lina sauti ileile ya yule Mjerumani. Kuna hata neno moja la Kiswahili, la kila siku, la kuelezea wali uliomo sufuriani baada ya watu kushiba. Mimi husema umesalia. Wateja wangu wa vitenge hudhani nina Kiswahili cha kitabuni.

Na mzee hakuwa mbali. Tangu mama mkwe afariki tulimtoa kijijini Muyama tukamleta kwetu Kasulu, na kila jioni alikaa kibarazani na redio yake, mimi nikiwa uani na vyombo. Hatukuwa na mazungumzo mengi. Mkwe na mkaza mwana hawakai kitako wakapiga soga, hasa kwetu. Nilimpelekea chai, akashukuru, nikaondoka. Nilimpenda, kama mtu anaweza kumpenda mtu ambaye hajawahi kumtazama usoni vizuri.

Nilijisomea mtihani palepale uani, kwa sauti, kwa sababu mkono ukiwa na sabuni huwezi kushika karatasi. Niliwataja Wazungu mmoja mmoja kwa mpangilio wa mwalimu. Nikifika kwa mwenye watoto ishirini nilinyamaza kidogo, nikasugua sufuria, nikaendelea. Kiziwi. Yule aliyekufa kijana. Mfaransa. Huyo Mfaransa alinisumbua kukumbuka, kwa hiyo nilimrudia mara nyingi na kwa nguvu. Na kila nilipomtaja, kutoka kibarazani nilisikia mzee akisema, "Eee."

Nilifarijika. Nikasema kumbe mzee ananifuatilia, ananitia moyo. Nikamtaja Mfaransa zaidi.

Siku ya mtihani mwalimu alitusimamisha mmoja mmoja mbele ya ubao, akinyoosha fimbo kwenye zile picha za usiku. Niliwataja wote. Ilipofika zamu ya Mjerumani nikaomba chaki, nikaliandika jina lake ubaoni bila kosa, kwa sababu mwiko ni wa mdomo, si wa mkono. Mwalimu akasema nilitamke. Nikamwambia siwezi, nikamweleza kwa nini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama kama mtumishi wa serikali anayejiuliza ni nani aliyemhamishia huku.

"Mama, huyu mtu amekufa zamani huko Ulaya," akasema. "Ana undugu gani na mkwe wako?"

"Mwalimu, sijasema ni ndugu. Nimesema naheshimu."

Hakukuwa na mwingine wa kuimba kile kipande, kwa hiyo nikafaulu. Ila alinionya kwamba Kibondo hakutakuwa na ubao.

Siku ya safari mzee akatoka chumbani amevaa koti lake la suti, akasema na yeye anakwenda kusikiliza. Hakuna aliyemwalika. Mume wangu akacheka tu, akamtafutia kiti.

Niliimba vizuri. Nalisema hili kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema; wenzangu wanachokumbuka ni kilichofuata. Kibondo ndiko nilikozaliwa, ukumbi ulijaa shangazi na mama wadogo zangu, na mzee alikaa mstari wa mbele, mikono juu ya fimbo yake. Nilipomaliza, sauti yangu iliendelea kidogo kwenye mabati ya ukumbi, nikajua kwamba nilistahili kukitaka kile kipande.

Kisha yakaja maswali. Mwamuzi alikuwa mama mmoja kutoka mbali, msomi wa muziki, miwani yake imefungwa mnyororo. Akaiangalia kwaya nzima, na kati ya watu wote aliowapata pale akaninyooshea kidole mimi.

"Wimbo ulioimba umetungwa na nani?"

Mwalimu alifumba macho. Nikashika kipaza sauti.

"Umetungwa na mzee mwenye watoto ishirini."

Watu wakacheka. Mwamuzi naye akatabasamu. "Vizuri. Jina lake?"

"Alikuwa Mjerumani. Alipiga kinanda kanisani, na uzeeni macho yalimsumbua."

"Mama, nimeuliza jina."

"Naomba chaki."

"Maswali ni ya mdomo."

Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia mikono yake. Nikawaza kinanda, vile vitufe vilivyokufa, watu wote waliochoka kwa ajili ya siku hiyo. Neno lenyewe ni fupi, lingetoka na kuisha kabla mtu hajapepesa jicho. Lilinifika ulimini. Nikalimeza.

"Mimi ni mukazana," nikasema, "na mkwe wangu amekaa pale."

Mukazana ni mke wa mtoto wa mtu, na Kibondo nzima ilielewa. Wanawake wakapiga vigelegele kuliko walivyopigia wimbo. Mwamuzi akamgeukia afisa mmoja wa serikali aliyekaa kando yake amweleze kuna nini, na afisa, ambaye kwao ni pwani, akainua mabega. Nikaandikiwa sifuri. Kinanda kikachukuliwa na kwaya ya wenyeji, ambao waliwataja watunzi kwa namna ambayo mama zao wasingewatambua, lakini waliwataja.

Kwenye gari la kurudi hakuna aliyenisemesha. Mwalimu alikaa na dereva, akawa anasoma vibao vya barabarani. Mzee alikaa kiti cha mbele yangu, kwa sababu pembeni yangu hapafai, na tulipokaribia kambi ya wakimbizi akasema bila kugeuka:

"Mukazana."

"Abee, Baba."

"Lile jina ulilolikataa. Ulidhani ni la nani?"

Nikasema ni la mtu ninayemheshimu.

"Ni la baba yangu," akasema. "Walipokuja kutuandikisha walilitanguliza mbele ya langu, ofisini wakaniita hilo, na mjini nako likashika hilohilo. Umefanya vizuri kuliheshimu, naye ni mkwe wako. Ila mimi si hilo."

Gari likapita kwenye tuta, wote tukaruka.

"Mimi ni yule Mfaransa wako. Jina alilonipa bibi yangu nilipozaliwa linatamkwa hivyohivyo. Unaniita kila jioni unapoosha vyombo, na mimi naitika."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ilikuwa lami mpya. Tangu niolewe nilikuwa nikilinda mdomo wangu kama mlango wa benki, nikala wali uliosalia, nikawakosesha watu kinanda, na wakati wote huohuo nilikuwa nasimama uani na sabuni mikononi nikimwita mkwe wangu jina lake la utotoni kwa sauti ya juu, mara nyingi, na kwa kurudia ili lisinitoke. Majirani wamesikia. Ng'ombe wa majirani wamesikia.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Sikujua. Hutalisikia tena kwangu."

Akaiweka fimbo yake katikati ya magoti.

"Aliyekuwa akiniita hivyo alikuwa dada yangu, kule Muyama," akasema. "Amekwenda. Mwanangu ananiita baba, wewe unaniita baba, sokoni wananiita kwa baba yangu. Nilidhani lile jina limeshakwisha." Akakohoa. "Usiache."

Nyumbani nilimbana mume wangu kwa nini hakuwahi kuniambia jina halisi la baba yake. Akasema sikuuliza. Nikamuuliza basi shangazi yake siku ile ya harusi alikuwa ananong'ona nini. Akasema shangazi naye alikuwa na wakwe zake, na mmoja wao ana jina lilelile la baba.

Mwalimu amenisamehe. Ametangaza kwamba mwaka ujao tunarudi Kibondo, na aliposikia kwamba jioni mimi bado najisomea watunzi kwa sauti, aliguswa sana. Alisema mbele ya kwaya yote kwamba hivyo ndivyo mtu anavyopaswa kujutia kosa lake. Sikumsahihisha. Mtu mwenye furaha kiasi hicho humsahihishi.

Kwa hiyo mwiko sijauvunja. Mkwe wangu simwiti jina. Nataja watunzi, kwa mpangilio, kama tulivyoagizwa. Kwa mwenye watoto ishirini nanyamaza na kusugua sufuria. Namtaja kiziwi, namtaja aliyekufa kijana, na nikifika kwa Mfaransa nafunga bomba kwanza, maji yasipige kelele, kisha nalitamka polepole, kama lilivyo. Halafu nasimama na sabuni mikononi, nasikiliza upande wa kibarazani, mpaka aitike.